Tunawatahini walimu kwa majina ya nadharia, mtoto tumemwacha nje

Kuna aina ya swali ambayo kila aliyepitia chuo cha ualimu nchini ataitambua hata akiamshwa usiku wa manane. "Taja na ueleze hatua nne za ukuaji wa kiakili kwa mujibu wa Piaget. Alama 8." Swali hilo halina kosa la sarufi. Linaeleweka, linasahihishika upesi, na mwanafunzi aliyekesha na daftari lake hawezi kulikosa. Atazitaja hatua nne, atazipa miaka yake, ataongeza mfano mmoja mmoja uliomo katika notsi za mhadhiri, kisha atasonga kwa swali la pili. Alama nane ziko mfukoni.

Je, mtahiniwa huyo amethibitisha kwamba anaielewa nadharia, au amethibitisha tu kwamba ana kumbukumbu nzuri? Wanafunzi wenyewe wanalijua jibu. Huko mabwenini huita zoezi hili "kukremu", na hawaoni haya kukiri kwamba baada ya mtihani mambo yote huyeyuka kama chumvi majini. Mimi siwalaumu. Mwanafunzi husoma jinsi anavyotahiniwa. Lawama zangu leo nazielekeza kwa swali lenyewe na kwa sisi tunaolitunga mwaka baada ya mwaka.

Hebu tuanze na Piaget mwenyewe, maana kisa chake kina kejeli kubwa. Mswisi huyu hakuanza kazi yake kwa kubuni hatua nne. Kabla hajajulikana, alifanya kazi Paris karibu na mwaka wa 1920, katika shule ambako Alfred Binet na Théodore Simon walikuwa wameasisi upimaji wa akili za watoto. Alipewa kazi ya kusawazisha majaribio ya kufikiri yaliyotungwa na Mwingereza Cyril Burt, yaani kuyajaribisha kwa watoto wa Kifaransa na kuhesabu waliopata na waliokosa. Kazi ya kuchosha kwelikweli! Lakini Piaget akavutiwa na jambo ambalo msahihishaji wa kawaida hulipitia tu: majibu yaliyokosewa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna zinazofanana. Badala ya kutia alama ya kosa na kuendelea, akaketi na watoto na kuwauliza wamefikaje hapo.

Nadharia yote ya Piaget ilichipuka kutokana na uamuzi huo wa kuliheshimu jibu lisilo sahihi. Leo tunaitahini nadharia hiyo hiyo kwa swali ambalo jibu lake lisilo sahihi halitufundishi chochote. Mtahiniwa akisema hatua ya pili huanza mwaka wa tatu badala ya mwaka wa pili, tunamkata alama na basi. Hatutaki kujua amefikaje hapo.

Swali la kutaja lina madhara mengine. Huwafanya wanafunzi waamini kwamba nadharia ni jina la mtu lililofungwa pamoja na istilahi moja. Piaget na hatua, Skinner na tuzo, Bowlby na uambatanaji, Vygotsky na kiunzi. Hapo kwa Vygotsky simama kidogo. Katika notsi nyingi, lile wazo la mtu mzima kumwekea mtoto kiunzi cha kupandia na kukiondoa polepole huhesabiwa kuwa la Vygotsky. Vygotsky alifariki mwaka wa 1934. Istilahi ya kiunzi kwa maana hiyo ilienezwa na David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross katika makala yao ya mwaka wa 1976, miaka 42 baadaye. Wazo hilo linakaribiana na la Vygotsky, ndiyo maana yameoana. Lakini mwanafunzi anayekariri jina na istilahi hana njia ya kugundua kwamba kuna watu wawili tofauti, wakati tofauti na ushahidi tofauti. Anayeuliza "walijuaje?" angegundua, kwa kuwa Wood na wenzake walichunza jinsi mwalimu anavyowasaidia watoto wadogo kujenga piramidi ya vipande vya mbao.

"Walijuaje?" ndilo swali tulilolifukuza katika mtihani wa nadharia na kulipeleka katika somo jingine liitwalo mbinu za utafiti. Huko nako tumelifunga katika orodha. "Eleza tofauti kati ya uhalali na uthabiti." "Taja faida tano za hojaji." "Fafanua aina nne za sampuli." Mwanafunzi hujifunza nadharia bila mbinu katika chumba kimoja, na mbinu bila nadharia katika chumba cha pili, halafu tunashangaa mbona haviunganishi. Ni kama kumfundisha mtu majina ya samaki wote wa Bahari ya Hindi, na siku nyingine kumfundisha majina ya nyavu, pasipo kumwambia hata mara moja ni wavu upi humnasa samaki yupi na humkosa yupi.

Na nyavu hukosa. Nitatoa mfano ambao sisi wa ukumbi wa lugha hatuna budi kuutilia maanani, kwa sababu kiini chake ni maneno.

Jaribio mashuhuri la Piaget ni lile la maji. Mtoto huoneshwa glasi mbili zinazolingana, zenye maji kiasi kimoja. Akikubali kwamba yanalingana, maji ya glasi moja humiminwa mbele yake katika chombo chembamba na kirefu. Kisha anaulizwa tena. Watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba husema chombo kirefu ndicho chenye maji mengi. Piaget akahitimisha kwamba mtoto huyo bado hajaelewa kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilika umbo. Hitimisho hilo ndilo lililomo katika kila daftari.

Lakini mwaka wa 1974, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walilijaribu jaribio la aina hiyo kwa safu mbili za vidude vilivyolingana idadi, na watoto wa miaka minne hadi sita. Safari hii aliyeivuruga safu moja hakuwa mtafiti, alikuwa mwanasesere wa dubu mtundu aliyejitokeza "kuharibu mchezo". Watoto waliojibu sawasawa waliongezeka sana. Mwaka huo huo Susan Rose na Marion Blank wa Marekani walionesha kwamba watoto walifanya vizuri zaidi walipoulizwa swali mara moja tu, baada ya mabadiliko, badala ya mara mbili. Kwa nini? Mtu mzima akimuuliza mtoto jambo lile lile mara ya pili, mtoto hudhani jibu lake la kwanza halikumridhisha. Walimu mnajua. Ukimuuliza mtoto "Una uhakika?" hata kama alikuwa amepata, ataanza kubadilisha.

Sasa hebu tulitafsiri swali la Piaget kwa Kiswahili, kama ambavyo mwalimu wa Machakos au wa Voi angelitafsiri bila kufikiria sana: "Sasa kikombe kipi kina maji mengi zaidi?" Neno "kipi" tayari limekwishajibu nusu ya swali. Linamwambia mtoto kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kina maji mengi zaidi, kazi yake ni kukichagua tu. Tukilirekebisha na kuuliza "Je, maji ni sawa?" tunaingia katika shimo jingine. Katika Kiswahili cha kila siku nchini, "sawa" ni kulingana, na pia ni kukubali, na pia ni kuwa salama. Mtoto anayejibu "sawa" huenda amesema kiasi ni kimoja, au amesema hewala mwalimu. Na kiambishi cha wingi je? Tunasema watu wengi na maji mengi kwa mzizi ule ule wa -ingi, ingawa watu tunawahesabu na maji tunayapima. Mtoto anayeona maji yamepanda juu kwenye chombo chembamba huenda anaelezea kimo kwa neno pekee alilo nalo.

Sisemi kwamba Piaget alikosea kila kitu. Nasema kwamba mtu asiyeweza kulichambua swali lililoulizwa hawezi kulipima jibu lililotolewa. Uhalali wa jaribio, ile istilahi ambayo mwanafunzi ameieleza kwa alama mbili katika karatasi ya mbinu, unaishi humo ndani ya "kipi", "sawa" na "zaidi". Kama hajauona humo, hajauona popote.

Ushahidi mwingine uko hapa nyumbani, na ni ajabu ilivyo nadra kuukuta katika mitihani yetu. Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi na kufanya utafiti Kokwet, jamii ya wakulima Wakipsigis. Walikuta kwamba watoto wachanga wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko vipimo vya Marekani vilivyotarajia. Lakini katika kutambaa hawakutangulia vile. Sababu haikuwa damu. Akina mama waliwafundisha watoto kuketi na kutembea kwa makusudi, hata lugha yao ilikuwa na maneno maalum ya mafunzo hayo. Kile ambacho kitabu kilikiita ratiba ya maumbile, kumbe kwa sehemu kilikuwa ratiba ya malezi.

Mwaka wa 1977 watafiti hao walichapisha makala iliyouliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Walipowataka watoto wamsimulie mtu mzima hadithi waliyotoka kuisikia, wengi walinyamaza. Je, hawakuelewa? La hasha. Katika malezi yao, mtoto mwema ni yule anayesikia, anayeelewa na anayetenda alichotumwa. Mtu mzima humwagiza, hamhoji ili amsikie akijieleza. Jaribio lilipima mazoea ya kuzungumza na watu wazima wasiojulikana, kisha likataka kuyaita akili.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa mjadala wa wasomi. Chini ya mtaala wa umilisi, mwalimu si mfundishaji tu, ni mpimaji pia. Tathmini anazofanya shuleni huingia katika rekodi ya mtoto na kuchangia matokeo yake. Anaketi na jedwali lenye ngazi nne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Mbele yake amesimama mtoto wa Gredi ya 2 ambaye nyumbani huongea Kigiriama au Kipsigis, aliyeambiwa asimulie hadithi kwa Kiswahili, na ambaye ameinamisha kichwa kimya. Mwalimu aliyekremu hatua nne ataandika "mbali na matarajio". Mwalimu aliyefundishwa kuuliza "kipimo changu kinapima nini?" atamwacha amsimulie mwenzake chini ya mti, naye asikilize kwa mbali. Kalamu ni ile ile, ila mtoto mmoja ameumizwa na wa pili ameokolewa.

Tuje sasa kwa upataji wa lugha, uwanja ambao mitihani yetu ya Kiswahili na ya saikolojia hukutana. Mtahiniwa huulizwa ataje hatua za upataji lugha na aandike mifano. Mifano mingi imenukuliwa kutoka watoto wa Kiingereza, ikatafsiriwa. Ilhali Kamil Ud Deen alichapisha mwaka wa 2005 kitabu kizima kuhusu upataji wa Kiswahili, kilichotokana na mazungumzo ya watoto wanne wa Nairobi. Watoto hao mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi: kiambishi cha nafsi, cha wakati, au vyote viwili. Mtoto husema "taka maji". Haraka haraka mwanafunzi wa ualimu ataandika kwamba hilo ni kosa, mtoto hajajua nafsi. Lakini Deen aliwasikiliza pia watu wazima wa Nairobi, naye akakuta kwamba wao wenyewe hudondosha kiambishi cha nafsi. Mama akisema "tarudi jioni" badala ya "nitarudi jioni", hakuna anayemwita mtoto. Kwa hiyo baadhi ya yale tunayoyaita makosa ya mtoto ni uaminifu wake kwa lugha anayoisikia. Mengine ni ukuaji wake mwenyewe. Kutenganisha haya mawili kunahitaji mbinu: kurekodi mtoto, kurekodi mlezi, kulinganisha. Huwezi kuyatenganisha kwa kukariri orodha ya hatua.

Basi swali zuri lingekuwaje? Nitapendekeza matatu, na yeyote aliye na karatasi ya kutunga anaweza kuyachukua.

La kwanza. Mpe mtahiniwa mazungumzo mafupi ya mama na mtoto wa miaka miwili na nusu, yaliyorekodiwa kwa Kiswahili cha mtaani. Mwulize: ni maumbo yapi ya mtoto ambayo huwezi kuyaita makosa kabla hujajua mlezi anazungumzaje? Ungekusanya data gani zaidi? Hapo nadharia na mbinu zimekaa kitanda kimoja.

La pili. Mwandikie methali mbili: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" na "Mtoto wa nyoka ni nyoka". Wahenga wetu waliujua mjadala wa malezi na maumbile kabla haujafika vyuoni. Usimwulize mtahiniwa ni ipi inayokubaliana na Skinner. Mwulize ni ushahidi wa aina gani ungemfanya aikubali moja na kuitilia shaka nyingine, na kwa nini watoto wa Kokwet wanaweza kusaidia kuitatua hoja hiyo kuhusu kutembea lakini si kuhusu kila kitu.

La tatu. Mweleze utafiti uliofanywa Usenge, karibu na Ziwa Victoria, na kuchapishwa mwaka wa 2001 na Robert Sternberg pamoja na wenzake, miongoni mwao Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 walipimwa ujuzi wa dawa za miti shamba, na pia masomo ya darasani. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika baadhi ya vipimo vya shule. Kisha mwulize: je, matokeo haya yanathibitisha kwamba kujua mitishamba kunadhoofisha masomo? Mwanafunzi aliyekariri kwamba uhusiano si sababu ataandika sentensi hiyo na kukwama. Aliyeielewa ataendelea: labda familia zinazotegemea shule hazitumii muda kuwafundisha watoto mitishamba, na zile zisizoitegemea hufanya kinyume, hivyo kila mtoto amekuza kile ambacho nyumbani kwao kina thamani. Atauliza pia iwapo jaribio la shule lilistahili kuitwa kipimo cha akili. Huyo mpe alama zote.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na zina uzito. Watahiniwa ni wengi, wasahihishaji ni wachache, na swali la kutaja lina mwongozo wa kusahihisha usio na ubishi. Hilo ni suala la haki: mtahiniwa wa Lodwar na wa Nyeri wanastahili kusahihishwa kwa kipimo kimoja. Swali la kufasiri data huweza kumwacha mtahiniwa mikononi mwa msahihishaji aliyeamka vibaya siku hiyo. Tena, mtu hawezi kuchambua asichokijua. Lazima hatua zijulikane kwanza.

Nakubali. Sisemi maswali ya kutaja yafutwe yote. Yabaki machache, kama ngazi ya chini ya kupandia. Lakini hoja ya usahihishaji isitumiwe kama pazia. Swali la ufasiri nalo lina mwongozo wake: alama kwa kutambua kilichopimwa, alama kwa kutaja maelezo mbadala, alama kwa kupendekeza data ambayo ingetofautisha maelezo hayo mawili. Hatua hizo zinahesabika. Walimu wa fasihi husahihisha maswali ya namna hii kila mwaka, na sijasikia wakidai kwamba uhakiki wa riwaya ugeuzwe kuwa zoezi la kutaja wahusika. Na kuhusu haki, tukumbuke istilahi zetu wenyewe: kipimo kinachotoa alama zile zile kila mara kina uthabiti. Kama kinapima kumbukumbu huku kikijiita kipimo cha uelewa, hakina uhalali. Mizani iliyopinda itakupa kilo moja ya sukari ile ile pungufu kila siku, bila kubadilika hata gramu.

Ndiyo sababu natoa wito mmoja, nao si wa gharama. Kabla ya kuliidhinisha swali lolote kuhusu ukuaji wa mtoto, mtungaji ajiulize: mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mtoto hata mmoja anaweza kulijibu na kupata alama zote? Kama jibu ni ndiyo, swali hilo lirudi jikoni. Mwaka ujao aliyelipita atapewa darasa la watoto arubaini na kalamu ya kuwapanga katika ngazi nne, na hakuna mtoto hata mmoja kati yao atakayempa nafasi ya kutaja hatua za Piaget.